Mkwe Aliyemwandika Ng'ombe Wangu

Watu wanaosoma vitabu vya mkwe wangu Leodgar wanafikiri ni mtu wa kucheka. Walimu wanakuja mpaka kwangu Butiama, wanakaa kwenye benchi, wanauliza, mama, huyu mzee ni mtu wa namna gani? Nikiwaambia ni mtu aliyechoka, hilo hawaliandiki. Wanataka niseme anaongea na ng'ombe. Ng'ombe kila mtu anaongea nao. Basi nimeamua kuandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa ngumbaru, polepole, na asiyependa aache.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mama mkwe wake. Mwanangu Hilda, kitinda mimba wangu, ndiye mke wake. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaogopana. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anapisha kwenye majani. Na usoni humtazami. Kwa hiyo miaka yote hiyo Leodgar nilimjua kuanzia magotini kwenda chini. Nilizijua buti zake za mpira, moja ilipasuka kisigino akaiziba kwa kiraka cha mpira wa baiskeli. Nilikijua kikohozi chake, na pikipiki yake ya serikali ambayo ilikuwa inakohoa kumzidi. Akiwa amechoka, zile buti zilikuwa zinaburuza. Karibu kila siku zilikuwa zinaburuza.

Kwao ni Nyegina, watu wa ziwani. Baba yake alikuwaga mvuvi wa dagaa. Alipokuja kuposa, marehemu mume wangu Mniko alimtania mbele ya wazee. Alimwambia, "Kijana, kwenu mnafuga samaki, gogogo na furu. Ng'ombe umemjulia wapi?" Leodgar akajibu kwamba amemjulia misheni, kwa mapadri, ambako alichunga ng'ombe wao ili asomeshwe. Akaongeza kwamba furu hapigi teke, na yeye alitaka mnyama wa kubishana naye. Wazee wakacheka, Mniko mwenyewe akacheka, na mahari ikaongelewa vizuri. Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Sikucheka. Niliona huyu kijana ana mdomo.

Serikali ilimweka Bunda kwanza, kisha ikamleta Butiama kuwa bwana mifugo, kata moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, pikipiki ile ile. Ile kazi watu wanaiona nyepesi kwa sababu wanamwona anapita na boksi lake la dawa. Mimi niliiona kwa buti. Wenye ng'ombe wakisikia chanjo wanawaficha ng'ombe bondeni, wakidhani wanakuja kuhesabiwa. Mtu anamnywesha ng'ombe mizizi wiki nzima, na ng'ombe akishalala chini hawezi hata kufukuza nzi, ndipo anamwita Leodgar. Ng'ombe akifa, anasema sindano ya bwana mifugo ndiyo imemuua. Leodgar alikuwaga anaosha mikono, anafunga boksi, anakwenda kutukanwa kwingine.

Mwaka ule wa ukame mkubwa alishinda akinyanyua ng'ombe walioanguka. Yeye anashika mkia, mwenye ng'ombe anashika pembe, wanamsimamisha. Wakimwachia, anakaa tena. Wanamsimamisha tena. Hilda aliniambia siku hizo mume wake anarudi nyumbani jua bado lipo, anakaa kwenye kigoda cha nje kuvua buti, anavua moja, ya pili anasinzia nayo mguuni. Hilda anamwacha hivyo hivyo. Kuku wanapita wanamdonoa vidole vya ule mguu uliovuliwa, hashtuki.

Hadithi zilianzia joshoni. Jumamosi ndiyo siku ya kuogesha ng'ombe, wanaokuja nao wengi ni watoto, foleni inakuwa ndefu, jua linachoma, watoto wanaanza kupigana fimbo. Leodgar hakuwa na nguvu za kuwafokea. Basi akawa anawaambia kila ng'ombe anasema nini kabla hajaruka kwenye dawa. Huyu anasema nimesahau kitu nyumbani, ngoja nirudi. Huyu anasema tangulia wewe, mimi mgeni. Lile dume anasema sioni sababu, nilioga wiki iliyopita na ni lile josho lenyewe. Watoto wakatulia. Ikawa Jumamosi hata mtoto asiyekuwa na ng'ombe kwao anakuja joshoni.

Kulikuwa na mwalimu anaitwa Dorah, wa shule ya msingi jirani na josho, mwanamke mwembamba, mkali. Alikuja kumtafuta mtoro mmoja aliyekwepa masomo ya ziada. Alimkuta mtoro, akamsikia na Leodgar, akakaa juu ya ukuta wa josho na viatu vyake vya ofisini mpaka ng'ombe wa mwisho akaoga. Huyo ndiye aliyemsumbua aandike. Alimwambia haya maneno yako yanakwenda na maji ya josho. Leodgar akasema amechoka, hana muda. Mwalimu akasema yeye pia amechoka, na kila Jumatatu anasahihisha madaftari ya darasa zima. Ikawa hivyo, mtu mmoja aliyechoka anamsukuma mwenzake. Zile karatasi ndiye yeye aliyezipeleka Mwanza, zikarudi kitabu.

Kile kitabu nilikisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari, kikanichukua msimu mzima wa kupalilia. Kulikuwa na punda wa Bunda anayebeba maji, ambaye anajua nyumba gani wamegombana kwa jinsi wanavyogawana ndoo. Kulikuwa na mbwa wa Nyegina anayelinda dagaa wakianikwa na hapendi samaki maisha yake yote. Kulikuwa na jogoo mwoga. Nikaona jambo moja. Katika hadithi za Leodgar hakuna mnyama anayeshinda. Hakuna mjanja, hakuna mfalme. Wanafanya kazi zao, wanachoka, wanatafuta kivuli, wanapata au hawapati. Na watoto wanapenda hivyo. Wakubwa ndio walipenda zaidi. Redio ya Musoma ikawa inazisoma Jumamosi jioni, na mafundi cherehani mjini wanasimamisha mashine wasikilize. Njiani watu walimsimamisha, siyo kwa ajili ya dawa tena. Wanamwambia, bwana mifugo, mwandike na huyu wangu, ana vituko huyu.

Lakini mwili wake ulikuwa unakwisha. Ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba ulimwingia yeye mwenyewe. Bwana mifugo anaingiza mkono kwenye tumbo la ng'ombe mpaka begani, glavu zikiwapo anavaa, zikiisha anaingiza mkono mtupu, kwa sababu ndama hangoji glavu ziletwe kutoka mjini. Ikamshika homa ya kwenda na kurudi, jasho mpaka godoro linaanikwa, viungo vinauma kama vya mzee wa miaka mia. Hospitali walimpa dawa, ikapungua, haikutoka. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kukakamaa. Akaendelea na kazi hivyo hivyo mpaka karibu na kustaafu.

Sasa nifike kwa Sista.

Sista ni ng'ombe wangu. Ni mweupe mwili mzima, lakini kichwa mpaka shingoni ni mweusi, kama kitambaa cha masista wa misheni. Kwa hiyo hakuna mtu kuanzia Mwitongo mpaka Makutano asiyemjua. Alikuwa mtamba, anazaa mara ya kwanza, na tangu asubuhi anahangaika hazai. Siku hiyo ilikuwa ya mnada. Mchungaji wangu yuko mnadani, shemeji yangu Keraryo, mdogo wa marehemu, yuko mnadani, majirani wote wako mnadani. Nilimpigia Hilda, Hilda akampigia mume wake. Leodgar akaja. Buti zilivyokuwa zinakuja kutoka kwenye pikipiki nilijua ana homa.

Alimpima. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjwa nyuma. Inabidi mtu amsukume ndama arudi ndani, aunyooshe mguu, na mtu mwingine avute kamba kwa wakati ule ule. Mtu mwingine ni nani? Ni mimi peke yangu pale.

Kisha nikasikia anavua shati. Sikuona, nilisikia vifungo. Mkwe anavua shati mbele ya mama mkwe wake. Kwetu hilo ni jambo la kuita wazee. Lakini mkono hauingii tumboni kwa ng'ombe na shati la mikono mirefu, hilo nalo nilijua. Nikageuka nikampa mgongo, nikajifunika kanga kichwani, nikasimama. Na yeye kule nyuma hawezi kuniamuru, maana mkwe hamwamuru mama mkwe. Tukawa hivyo. Sista anakoroma. Baadaye nikasikia anasema kwa upole, lakini haniambii mimi, anamwambia ng'ombe.

"Sista, mwambie mama kuna kamba miguuni kwake. Aizungushe kiunoni."

Nikaiokota. Nikasema, "Sista, mwambie nimeiona."

"Mwambie asivute mpaka asikie."

"Mwambie mimi nimezalisha wanawake wa kijiji hiki kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu."

"Mwambie hilo tunalijua. Sasa avute. Polepole, Sista, mwambie polepole, huyu si mtoto wa mtu."

Nikavuta nikiwa nimempa mgongo, kama dume la plau. Anasema kupitia Sista niache, naacha. Anasema nivute, navuta. Kiuno kilikuwa kinawaka moto. Nilimsikia na yeye anavyohema, mtu ana homa, shavu lake amelilaza kwenye paja la ng'ombe, najua kwa sababu sauti ilikuwa inatoka imebanwa. Halafu kamba ikalegea ghafla, nikaanguka mbele kwa magoti kwenye tope la zizi. Ndama akapiga chafya.

Nilimsikia Leodgar anakaa chini. Akasema, "Sista, mwambie mama asante. Na mwambie anisamehe, sitaweza kusimama sasa hivi."

Nikaondoka bila kugeuka. Nikamwekea ndoo ya maji na sabuni ya mche, na uji nyuma ya ukuta, nikaingia ndani mpaka niliposikia pikipiki inaondoka. Hatukuapishana kitu. Jambo kama hilo linabaki zizini, kila mtu mwenye mama mkwe analijua hilo.

Yeye akaliandika.

Nililisikia redioni, Jumamosi, napeta mtama. Msomaji akasema leo tuna hadithi ya ng'ombe mkalimani, na kabla hajafika mbali mikono yangu ikasimama kwenye ungo. Majina hakuna. Lakini ng'ombe ni mweupe, kichwa cheusi kama kitambaa cha sista, na anaitwa Sista. Angeandika jina langu la ubatizo kungekuwa na siri zaidi. Ng'ombe ndiye anayesimulia. Anaeleza kwamba siku ile alikuwa na maumivu yake ya kutosha, na juu yake akapewa kazi ya kupeleka salamu kati ya watu wawili wenye adabu nyingi.

Mkoa mzima ulicheka. Wiki iliyofuata nilikwenda sokoni Bunda, na Justina, yule muuza dagaa ambaye nimenunua kwake tangu meza yake ni gunia, akaniambia mbele ya wateja, "Mama Ghati, Sista mzima? Mwambie aniulizie kwa mkweo kama ameshavaa shati." Wanawake wakashikana mabega kwa kucheka. Nikamwambia anipimie dagaa na aache chumvi kwenye mdomo wake. Nikarudi nyumbani na dagaa zangu. Kanisani, wakati wa kupeana amani, niliona watu wanabana midomo.

Keraryo akaja na fimbo yake, akavua kofia, akakaa.

"Shemeji, ni kweli alivua shati?"

"Alivua."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo na mgongo wangu."

Akasema wazee wamekaa. Mkwe alete mbuzi wa kuondoa aibu, wale pamoja na mama mkwe, iishe. Nikamwambia mbuzi wa nini, shati silo lililoniuma. Hakuelewa, na sikumweleza siku ile.

Lililoniuma ni mwisho wa hadithi. Leodgar aliandika kwamba ndama alipopiga chafya, mama mkwe alilia, kimyakimya, ndani ya kanga yake, na kwamba Sista peke yake ndiye aliyeona. Mimi sikulia. Mniko alipokufa sikulia mbele ya watu. Nimezika watoto wawili wachanga, nikarudi kupika uji wa waombolezaji. Nimejulikana hivyo, na watu wakipata msiba wananiita mimi nikae nao kwa sababu najulikana hivyo. Leo watoto wa shule wa Mara nzima wanasomewa kwamba Ghati alilia kwa ajili ya ndama.

Nikamtuma Hilda. Nikamwambia mume wake ayatoe yale maneno kabla hadithi haijaingia kitabuni, au la, asiandike tena jambo lolote la kwangu, na asikanyage kwangu. Hilda akarudi na jibu. Leodgar anasema hawezi kuyatoa, kwa sababu aliyaona, na hadithi yote inaegemea hapo. Lakini neno la mama mkwe halivunjwi. Kwa kuwa hajui lipi ni la kwangu na lipi si la kwangu, maana kila ng'ombe aliyemjua amemjulia katika nyumba ya watu, basi ameacha kuandika. Ameacha yote.

Nikasema vizuri, apumzike.

Akastaafu. Wakahamia Nyakato, mjini Musoma, nyumba ndogo, hakuna hata mbuzi. Redio wakawa wanarudia zile za zamani. Mwalimu Dorah alikuja kwangu kwa miguu, na mvua, akaniambia watoto wanauliza kwa nini bwana mifugo amenyamaza. Nikamwambia watoto wasome hesabu. Akasema, "Mama, hesabu wanasoma." Akanywa chai, akaondoka, na sikumsindikiza, miguu ilikuwa inaniuma.

Kisha Hilda akaja mwenyewe. Hakusalimia vizuri. Alikaa jikoni kwenye kinu kilichopinduliwa, akavua viatu, akasema, "Mama, mimi nimechoka na nyinyi wawili."

Nikamwambia ajieleze.

"Kazi ya ng'ombe haiwezi tena, vidole havishiki kitu. Nilidhani akistaafu ataandika. Kuandika ndiko kulikokuwa kunamtoa kitandani hata siku za homa. Sasa namwosha, namvalisha, anakaa anatazama mlango. Dawa anameza kwa sababu mimi nimesimama pale. Jana ameniuliza hivi anameza ili iweje."

"Kwani mimi nimemkataza kula?"

"Hukumkataza kula. Chakula anakikataa mwenyewe."

Nikasonga ugali. Hilda ni mtoto wangu, najua akisema kitu kwa kunitisha na akisema kwa kweli. Alikuwa anasema huku anajisugua nyayo, kama mtu anayehesabu kazi zinazomngoja nyumbani. Alikula, akalala kidogo mchana ule kwenye kitanda changu, kitu ambacho hajafanya tangu aolewe, akaondoka na gari la jioni.

Mimi sikubadili neno langu. Kama nililia au sikulia najua mwenyewe, mabega ni yangu. Lakini sikusema kamwe mtu afe. Nilisema asinitie kinywani mwa watu, na huyo mtu kwa ukaidi wake amelichukua neno langu lote, mpaka na pale nisipolipeleka. Na yeye ni mkaidi. Watu hawalisemi hilo wanapomsifu.

Nikamwita Keraryo nikamwambia akamate beberu yule wa kahawia, tunakwenda Nyakato kuondoa aibu. Akaniangalia kama nimepandwa na homa. Akasema mbuzi wa aibu anatoka kwa mkwe, hajawahi kutoka kwa mama mkwe tangu dunia iumbwe. Nikamwambia mbuzi akitoka kwa Leodgar, watu watasema amenunua ulimi wangu. Akitoka kwangu, hakuna aliyenunua kitu. Akasema wazee hawatakubali. Nikamwambia wazee wabaki na desturi, mimi nabaki na mbuzi. Akafikiri, akauliza nani atamchinja. Nikasema mimi. Hapo akachukua kofia yake, kwa sababu angeona aibu zaidi ikisikika nimechinja mwenyewe na yeye yupo.

Ile safari sitaki kuikumbuka. Beberu alifungwa juu ya gari na alilia njia nzima, dereva anasema bibi, mwambie anyamaze, nikamwambia mwambie wewe. Kutoka kituoni tulitembea, beberu hataki, Keraryo anavuta, mimi nasukuma. Nilifika kwa Hilda kiuno hakina kazi tena. Mama mkwe haingii nyumbani kwa mkwe hivi hivi, kwa hiyo nilikaa nje, kwenye tofali, mpaka Keraryo akachinja, ini likachomwa, na sahani moja ikawekwa kati ya viti viwili sebuleni. Nikaingia. Nikachukua kipande, naye akachukua kipande, tukala, Keraryo akasema maneno yanayosemwa. Kuanzia hapo inaruhusiwa kutazamana.

Nikainua macho. Nilikuta mzee. Sijui nilitegemea nini. Ngozi imelala kwenye mifupa, macho ya njano, na ana masikio makubwa, Hilda hakuwahi kuniambia hilo. Tukatazamana kama watu wanaopokea mzigo kutoka kwenye gari, kila mmoja anahakikisha ni wake.

Yeye ndiye aliyeanza. "Mama, asante kwa mbuzi. Lakini yale maneno siwezi kuyatoa."

"Sikulia."

"Ulilia. Niliona mabega."

"Mabega yalikuwa yanauma. Nilikuwa nimekuvutia ndama."

"Inawezekana. Mimi niliona kulia."

"Na mimi ndiye mwenye mabega."

Keraryo akaomba chumvi. Hakuna aliyempa. Hilda alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, hawezi kuingia, hawezi kutoka.

Nikamuuliza, "Leodgar, katika kazi yako uliwahi kuacha kutibu ng'ombe kwa sababu mwenyewe anakutukana?"

Akafikiri kwa haki, nikaona anafikiri kweli. "Hapana. Sijawahi."

"Basi. Mimi nitasema sikulia mpaka naingia kaburini. Nitamwambia Justina, nitamwambia mwalimu, nitamwambia padri, kwamba mkwe wangu ni mwongo. Wewe andika."

"Hata ya kwako?"

"Hata ya kwangu. Nimechoka kuulizwa na watoto wa watu."

Hakucheka. Alitazama mkono wake wa kulia, akaukunja ulipofika, akaukunjua. Akasema kuna moja aliyoiacha katikati, ya maksai mzee aliyetolewa kwenye plau na hajui afanye nini asubuhi. Akauliza kama naweza kuisikiliza, kwa sababu akimsomea Hilda, Hilda anasema nzuri hata pasipo nzuri. Hilda akaweka sufuria chini akaenda kuleta karatasi chumbani, kwa mbio, mwanamke mwenye wajukuu.

Akaanza kusoma. Sauti ile niliijua, ilikuwa ndiyo ile ya zizini, ya polepole, inasimama kila inapotaka pumzi. Maksai anaamka, anakwenda mwenyewe kusimama mbele ya plau, hakuna anayemfunga. Nilisikia mpaka hapo, na kidogo zaidi, kuna mahali anakutana na kuku. Kiti kilikuwa na mto. Nilikuwa nimesukuma beberu tangu kituoni, na tumboni nina nyama ya moto.

Nililala. Mama mkwe, sebuleni kwa mkwe wake, mbele ya shemeji yake, mdomo wazi. Nilipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, Keraryo hayupo, nyama imefunikwa kwa kawa, na hakuna anayesoma. Nikafikiri nimemvunjia heshima, amenyamaza tena.

Alikuwa mezani amenipa ubavu. Kalamu ilikuwa imefungwa kwenye vidole kwa kipande cha kitenge, fundo la Hilda hilo, nalijua. Alikuwa anafuta mstari mzima kwa nguvu, kama mtu anayekwangua tope. Akaandika juu yake. Akasimama, akaupulizia mkono, akaandika tena. Hilda akaniona nimefumbua macho, akaweka kidole mdomoni.

Nikayafumba.